Nimealikwa Córdoba, lakini picha za Toledo bado zinauma nyumbani

Shikamoo mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa mkoa wa Tanga. Tangu Septemba mwaka jana nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji hapa Madrid. Nina ufadhili: ada inalipwa, na kila mwezi napata posho ya chakula na kodi ya chumba. Tiketi ya ndege na gharama za viza hazikuwemo, na hapo ndipo mambo yangu na ya nyumbani yalipofungamana.

Aliyenisafirisha ni kaka yangu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na kaka ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee. Baadaye alinunua pikipiki akafanya bodaboda, akaoa, maisha yakaanza kumnyookea. Barua ya ufadhili ilipokuja akaiuza ile pikipiki. Hakumshauri mtu. Alikuja na pesa kwenye bahasha ya kaki akampa mama, akasema tiketi ikatwe. Tangu siku hiyo anaendesha pikipiki ya mtu, na kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi 8,000 kwa tajiri wake, mvua inyeshe jua liwake. Tulipoagana nilimwambia, "Kaka, nikifika nitakununulia nyingine." Akacheka, akasema nikasome.

Kila mwezi natuma nyumbani euro 100. Mama ananunua dawa za presha za babu, inayobaki inaingia jikoni. Ya pikipiki bado sijaanza kuweka.

Desemba chuo kiliandaa ziara ya siku moja kwa wanafunzi wa kigeni, tukaenda Toledo. Hatukulipa nauli. Ni mji uliojengwa juu ya mwamba, mto Tajo umeuzunguka karibu pande tatu. Tuliingia kwenye msikiti mdogo wa mwaka 999 uliokuja kugeuzwa kanisa, na kwenye sinagogi moja la zamani ambalo, kwa yale matao yake meupe, nilidhani nimeingia msikiti mwingine. Nilipiga picha nyingi, nikaziweka status. Kaka akajibu maneno mawili: "Hongera, mtalii." Jioni wifi yangu akaandika kwenye grupu la familia kwamba kuna watu wanakula maisha na kuna watu wanakula vumbi. Hakuna aliyemjibu. Usiku mama akanipigia, sauti ya chini, akaniambia, "Mwanangu, tembea, lakini usituonyeshe. Macho ya watu ni mengi." Nikazifuta. Mimi na kaka hatujagombana, ila tangu siku hiyo simu zetu zimekuwa fupi.

Sasa wenzangu darasani wamepanga safari ya wikendi, mwisho wa Aprili, kwenda Córdoba, mji wa kusini mwa Uhispania. Tutakuwa sita: mimi, binti wa Kimoroko ambaye ukoo wao kule Tetuán, kaskazini mwa Moroko, unajiita wa Kiandalusi (wa Waislamu waliotoka Uhispania zamani), binti wa Poland, na wavulana watatu. Tutaondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Wamepata nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu. Nikijumlisha treni, nyumba, viingilio na chakula, inafika kama euro 120. Kwa pesa yetu ni laki tatu na ushee. Nimekaa nikapiga hesabu: ni kama siku 40 za kaka barabarani, na hizo ni za kumlipa tajiri tu, kabla hajapata chake.

Ningekwisha kataa, isipokuwa kuna babu. Babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na sasa macho yake yamefifia. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitusimulia habari za Kurtuba, ndiyo hii Córdoba, ilipokuwa ya Waislamu: taa zilizowaka barabarani usiku, maji yaliyoingia majumbani, maktaba ya vitabu laki nne. Nadhani hata kupenda kwangu maji kulianzia kwenye zile hadithi. Majuzi nilimpigia kumsalimu, nikamtajia kwamba wenzangu wanakwenda huko. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ukifika, nisalie rakaa mbili kwenye ule msikiti mkuu wa Kurtuba. Umwambie Mola kuna mzee wa Tanga alitamani kufika." Nikamwitikia, "Inshallah babu."

Nilipomweleza rafiki yangu Mmoroko, akaniambia kusali mle ndani hakuruhusiwi. Siku hizi ni kanisa kuu, na walinzi wakiona mtu anaanza kusali kwa mtindo wetu wanamzuia. Sikuwa na habari.

Naomba unisaidie kufikiri. Niende au niwaachie wenzangu? Nikienda, nifuate ushauri wa mama nifiche? Na babu nimwambie nini: nisali kwa kuiba, nimdanganye kwamba nimesali, au nimwambie ukweli nimvunje moyo katika umri ule? Na hili la kulala nyumba moja na wavulana, mama hajalijua. Nina wiki mbili za kujibu kabla wenzangu hawajalipia nyumba.

Msomaji wako, Madrid


JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwa masomo, na pole kwa kubeba mawazo haya peke yako ugenini.

Nikikuelewa vizuri, umealikwa safari fupi kwenda mji ambao umeusikia tangu utoto, na moyo unataka. Unaona kila euro utakayotoa ina jasho la kaka yako ndani yake. Mama amekuambia utembee kimya kimya. Babu anataka umpelekee habari, tena amekutuma jambo ambalo mahali penyewe halikubaliki. Kila mmoja wao anakupenda, na kila mmoja anakuvutia upande wake. Sitakuambia uende au ubaki. Kaka yako simjui, na sijui sauti yake ilikuwaje alipokuita mtalii. Lakini kuna mambo umeyaandika kama yamekwisha thibitika, na ningependa tuyaangalie tena pamoja.

Nianze na kaka, maana nadhani ndiye aliyekufanya uandike. Katika barua yako yote maneno yake mwenyewe kuhusu Toledo ni mawili. Habari ya vumbi aliisema wifi. Hawa ni watu wawili, na huenda wana maumivu mawili tofauti. Wifi yako aliolewa na mwanamume mwenye pikipiki yake. Siku moja pikipiki ikauzwa, na wewe mwenyewe umesema kaka hakumshauri mtu. Je, aliyeulizwa nyumbani kwake alikuwa nani? Ile pikipiki ilikuwa riziki ya jiko la wifi pia. Inawezekana hana kinyongo na wewe kwa kutembea. Inawezekana anachodai ni kwamba mpaka leo hakuna aliyewahi kumshukuru yeye kwa jina lake.

Na kaka, je? Wewe unaona aliudhika kwa sababu ulistarehe. Huenda ni hivyo. Huenda pia alifurahi kwa dhati kuona dada yake amesimama kwenye mji wa kale wa Uhispania, kisha furaha ikamkumbusha ile ahadi yako ya siku mlipoagana. Tangu Septemba, kwa jinsi ulivyoandika, haijatajwa tena. Haina tarehe wala kiasi. Hawezi kukuuliza, maana ataonekana anakudai wema aliokutendea. Na kuisahau hawezi, maana kila jioni anahesabu zile 8,000 mkononi mwa mtu mwingine. Kama ni hivyo, kilichomuuma ni ule ukimya uliozizunguka picha, na hata usipokwenda Córdoba ukimya utabaki pale pale. Simu fupi nazo zinaweza kuwa na maelezo mengi. Kijana anayeendesha kutoka alfajiri mpaka usiku, wakati mwingine ana usingizi tu.

Hesabu yako ya siku 40 ni ya kweli, na nakuheshimu kwa kuipiga. Wengi wakifika ng'ambo wanaacha kuzipiga hesabu za namna hiyo. Ila angalia inakokupeleka. Koti lako la baridi ni siku ngapi za kaka? Tiketi ya mwezi ya metro? Kwa kipimo hicho hakuna matumizi yatakayopona, na utaumaliza mwaka ukiwa umejua njia ya chumbani na njia ya darasani. Na bado kaka atakuwa hana pikipiki, kwa sababu euro ambayo hukuitumia haikuwekwa popote kwa jina lake. Kujinyima ni kitu kimoja, kumwekea ni kingine. Pikipiki mpya ya biashara ni mamilioni ya shilingi, haitoki kwenye wikendi moja. Lakini kiasi kidogo kinachotengwa kila mwezi, anachokijua yeye, kinaweza kuwa mwanzo. Hilo unaweza kulifanya ukienda, na unaweza kulifanya usipokwenda. Ndiyo maana naogopa yakichanganywa: unaweza kuikosa safari ukadhani umekwisha lipa.

Upande wa pili nao una hatari zake, na sitaki uzione ndogo. Ukienda na moyo haujatulia, utakuwa mtu wa sita mezani asiyecheka, unapiga mahesabu kila sahani inapoletwa. Na safari za kundi huwa hazikai kwenye bajeti. Unaanza na 120, mtu anataka mgahawa wenye mandhari ya mto, mwingine anataka teksi, na wewe unaona aibu kukataa. Mwanafunzi anayetuma 100 nyumbani kila mwezi hana nafasi kubwa ya kukosea. Kabla ya kujibu, jiulize kama unaweza kuwaambia wenzako waziwazi, siku ya kwanza, kwamba una kiasi fulani na hakiongezeki. Ukiona ulimi mzito hata kulifikiria, hiyo nayo ni habari.

Kuna njia za katikati. Treni ya kasi kutoka Madrid hufika Córdoba kwa chini ya saa mbili, kwa hiyo hata kwenda Jumamosi alfajiri na kurudi usiku kunawezekana. Hapo gharama ya kulala inaondoka, na swali la nyumba moja na wavulana linaondoka nalo. Tiketi zinazokatwa mapema ni nafuu sana kuliko za dakika za mwisho, na wiki zako mbili zina maana hapo pia. Basi ni la bei nafuu zaidi lakini safari yake inachukua karibu saa tano, siku nzima inaishia njiani. Kwenye ule msikiti, ambao wenyewe wanauita Mezquita-Catedral, kuna utaratibu wa kuingia bure Jumatatu hadi Jumamosi asubuhi, kuanzia saa mbili na nusu mpaka karibu saa tatu na nusu, kwa mtu asiye kwenye kundi. Angalia tovuti yao kabla hujaenda. Uani, kwenye michungwa, huingia bila kulipa. Lakini ukienda na kurudi siku hiyo hiyo utakimbia, na utakosa jioni ya mazungumzo na wenzako, ambayo kwa mwanafunzi wa ugenini si kitu kidogo. Unaweza pia kuahirisha mpaka mitihani iishe. Hapo utakuwa umefika Julai, na Córdoba ni miongoni mwa miji yenye joto kali kabisa Ulaya. Nyuzi 40 kule wala hazishangazi mtu.

Kuhusu nyumba, nitasema machache, kwa sababu naona unajua mipaka yako. Vyumba vitatu, watu sita, wasichana watatu: uliza nani analala wapi, mlango una komeo, na kama mnaweza kuchukua chumba chenu cha wasichana tu, hata kwenye hosteli tofauti. Rafiki yako Mmoroko huenda ana swali hilo hilo na anasubiri mwingine alitoe. Kama mpango wa kulala ni ule ambao huwezi kumwelezea mama kwa sentensi moja, una haki ya kuomba ubadilishwe kabla pesa haijalipwa.

Sasa tuje kwa babu. Hapa nitakaa kidogo.

Rafiki yako amekwambia kweli. Abdurrahman wa kwanza, kijana wa Bani Umayya aliyenusurika ukoo wake ulipouawa Sham mwaka 750 akakimbia mpaka Andalusi, yaani Uhispania iliyotawaliwa na Waislamu, ndiye aliyeanza kuujenga msikiti ule karibu mwaka 785. Waliofuata wakauongeza mara kwa mara, mpaka mwishoni mwa karne ya kumi. Mwaka 1236 mfalme Fernando wa tatu aliuteka mji na jengo likawekwa wakfu kuwa kanisa. Mwaka 1523 wakaanza kujenga kanisa kuu katikati yake, ndani kwa ndani, ingawa baraza la mji wa Kikristo wenyewe lilipinga kubomolewa kwa sehemu ile. Misa inasaliwa mle mpaka leo. Waislamu wa Uhispania waliwahi kuomba waruhusiwe kusali, hawakukubaliwa. Mwaka 2010 kundi la vijana Waislamu kutoka Austria lilipoanza kusali, ukazuka ugomvi na walinzi, na wawili wakakamatwa.

Wewe ni mgeni mwenye kibali cha mwanafunzi. Kusali kwa kuiba kunaweza kuishia kwa kuombwa utoke tu, na kunaweza kuishia vibaya zaidi, mbele ya wenzako na mbele ya polisi. Nadhani babu yako angekuwa wa kwanza kukukataza kama angelijua hilo. Na swali langu ndilo hilo: unafikiri hajui, au hakuna aliyemweleza? Umekwisha amua kwamba ukweli utamvunja moyo. Lakini huyu ni mzee aliyefundisha chuo maisha yake yote, na amezaliwa kwenye pwani yenye misikiti iliyobaki kuta. Magofu ya Tongoni yako jirani yenu hapo kusini mwa mji wa Tanga, na msikiti mkuu wa Kilwa umekuwa mtupu kwa karne nyingi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji, miaka ishirini hivi baadaye alikwenda Andalusi akafika Granada. Wakati huo Córdoba ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwa Waislamu zaidi ya miaka mia. Mambo haya wazee wa chuo wanayajua kuliko tunavyodhani. Huenda alipokuomba rakaa mbili alikuwa anajua kabisa pakoje, na alikuwa anasema kitu kingine: kwamba macho yake hayatafika, na anaomba ya mjukuu wake yafike.

Mimi si sheikh, na ya fikihi anayajua yeye kuliko mimi. Ndiyo maana ningekuomba umuulize yeye mwenyewe. Mwambie, "Babu, nimeambiwa mle ndani hawaruhusu kusali. Unataka nifanyeje?" Mpe mwalimu nafasi ya kufundisha. Anaweza kukuambia umwombee dua moyoni ukiwa umesimama mbele ya mihrabu, na dua ya moyoni hakuna mlinzi anayeweza kuizuia. Anaweza kukuambia usali mahali pengine mjini; upo msikiti mdogo kwenye bustani ya Plaza de Colón, uliojengwa wakati wa dikteta Franco kwa ajili ya askari Wamoroko, na ukienda ulizia nyakati zake kwanza. Anaweza pia kuhuzunika. Hilo siwezi kukuhakikishia halitatokea. Lakini kumdanganya kwamba umesali, yeye akaenda na furaha hiyo kwenye sijda zake mwenyewe, ni mzigo utakaoubeba wewe kila atakapokutajia. Nakuomba ulitafakari hilo sana.

Na wewe mwenyewe ujiandae. Mji wa hadithi za babu ni Kurtuba ya karne ya kumi. Utakachokiona kimechanganyika. Utaingia kwenye msitu wa nguzo zaidi ya 850, matao juu ya matao, mekundu na meupe, na nguzo nyingi hazilingani kwa sababu zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi waliotangulia. Ukitembea kidogo, paa linapanda ghafla, na mbele yako ni madhabahu na viti vya wanakwaya vya mbao za kuchongwa. Ukiendelea kusini utafika kwenye mihrabu ya khalifa al-Hakam wa pili, nyuma ya uzio, iliyopambwa vijiwe vya dhahabu na buluu. Fundi wake alitoka kwa mfalme wa Konstantinopoli, Mkristo, aliyeombwa na khalifa Mwislamu. Kuna wanaolia pale. Kuna wanaokasirika, kuna wanaosali Kikatoliki kwa unyenyekevu wa kweli, na kuna wanaopiga picha wakatoka. Sijui wewe utakuwa nani kati yao. Ila kama kwenye kundi hakuna wa kukaa naye kimya nusu saa pale, nusu saa hiyo itakuwa ngumu, na nafurahi kwamba binti wa Tetuán atakuwepo.

Kwa anayesoma maji, mji ule una mengine pia. Uani kwa msikiti, miti ya michungwa inanyweshwa kwa vijifereji vilivyochongwa sakafuni. Mtoni, karibu na daraja la Kirumi, kuna gurudumu la Albolafia la kupandishia maji. Lililopo sasa limejengwa upya, na inasimuliwa kwamba malkia Isabel aliamuru la zamani liondolewe kwa sababu kelele zake zilimnyima usingizi. Kilomita chache nje ya mji ziko Medina Azahara, magofu ya mji wa kifalme ulioanza kujengwa mwaka 936, ambao maji yake yaliletwa kwa mfereji wa Warumi uliokarabatiwa. Nayataja kwa sababu umeandika kwamba mapenzi yako ya maji yalianzia kwenye hadithi za babu, na nadhani hilo ni jambo kubwa kuliko ulivyolipa nafasi kwenye barua. Lakini sikupi kisingizio. Usilazimike kuigeuza safari kuwa somo ndipo ujione una haki nayo. Mtu anaweza kutaka kuona mahali kwa sababu anataka kupaona tu.

Limebaki la mama. Amekupa ushauri wa mtu anayejua watu wake, na siwezi kumpinga. Anakukinga na macho, na huenda anamkinga wifi pia asiseme neno lisilofutika. Lakini nadhani aliposema usituonyeshe alikuwa na maana ya status, mbele ya majirani na marafiki wa marafiki. Kutotangaza ni jambo moja. Kuishi wikendi za maisha yako ambazo ndugu zako hawazijui, ukiulizwa ulikuwa wapi unasema maktaba, ni jingine, na ukiwa mbali hivyo linakuzidi umbali. Unaweza usiweke picha popote, na bado ukampigia babu simu ya sauti ukamweleza nguzo moja moja. Picha za status zinaonekana na mia mbili wasiokuuliza kitu. Babu hazioni kabisa. Hatari ipo: babu atasimulia, wazee husimulia, na habari itamfikia kaka kwa mlango wa nyuma. Hilo ni sababu ya kunyamaza, au ni sababu ya kaka kuisikia kutoka kwako kwanza. Wewe unayemjua ndiye utakayepima.

Ukiamua kuongea naye, ningeshauri usianze na Córdoba. Ukianza na safari, utasikika unaomba ruhusa, naye ataitoa kwa sababu ni kaka, na hutajua kilicho moyoni mwake. Anza na pikipiki. Mwambie hujasahau, mtajie kiasi unachoweza kutenga kila mwezi hata kama ni kidogo cha kuona haya, muulize aone kiwekwe wapi na kwa mpango gani, na muulize wifi anaonaje. Halafu umsikilize. Habari ya safari itajua yenyewe kama ina nafasi kwenye mazungumzo hayo au inasubiri siku nyingine. Mpigie usiku, akishapeleka hesabu na kula. Ukumbuke kwamba Aprili wao wako saa moja mbele yenu, kwa hiyo usichelewe mno.